Mashahidi Masikioni

Anayeanza kusema ni Rachel. Sauti yake ni nzito, ya mtu aliyekunywa jana na leo anajitahidi asijulikane. Yumo kwenye treni ya asubuhi iendayo London, na treni inaposimama kwenye taa, yeye huitazama nyumba moja kando ya reli, nyumba ya mume na mke asiowajua, ambao amewatungia majina na maisha ya furaha. Baada yake anakuja Megan, sauti nyepesi, ya mtu ambaye hatulii hata akiwa kwake. Baadaye sana anaingia Anna, mama wa mtoto mchanga, aliyechoshwa na mlevi anayempigia mumewe simu. Wanawake watatu na wasomaji watatu: Clare Corbett, Louise Brealey na India Fisher. Kitabu ni The Girl on the Train cha Paula Hawkins, mwandishi aliyezaliwa na kukulia Harare kabla ya kuhamia London mwaka 1989 akiwa na miaka 17. Kilitoka mwaka 2015, na mwaka uliofuata toleo lake la sauti likapewa tuzo ya Audie ya kitabu cha sauti cha mwaka.

Hicho ndicho ninachowapa watu wanaponiuliza utamu wa riwaya ya kusikiliza uko wapi. Wengi wanadhani kitabu cha sauti ni mtu mmoja anayesoma kwa upole mpaka unasinzia. Wasomaji wa namna hiyo wapo, na usingizi nao ni neema. Lakini riwaya ya taharuki iliyogawiwa wasomaji kadhaa ni habari nyingine kabisa. Mimi ninayeishi kwa masikio naihesabu miongoni mwa starehe kubwa ambazo simu ya mkononi imetuletea.

Kazi yangu ni ufundi wa sauti. Nimekaa miaka mingi kwenye studio za redio hapa Dar es Salaam, nikikata na kuunganisha kanda, na baadaye mafaili ya kompyuta: taarifa za habari, matangazo ya biashara, hotuba, na zaidi ya vyote michezo ya redio. Ukikaa na sauti za watu kiasi hicho unazijua pumzi zao. Unajua mtu anavyovuta hewa kabla ya kusema jambo asiloliamini. Unajua kimya cha anayefikiri na kimya cha anayengoja zamu yake, na unajua havifanani.

Watu wa rika langu tulikuzwa na mchezo wa redio. Twende na Wakati ulipoanza Radio Tanzania mwaka 1993, Mkwaju, yule dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, alizungumzwa mtaani utadhani amepanga nyumba ya jirani. Mchezo ulikuwa na mafunzo yake, uzazi wa mpango na UKIMWI, lakini kilichotukalisha chini kilikuwa taharuki. Kila kipindi kilikatwa pale pale ambapo roho ilikuwa juu.

Kwa hiyo mtu akisikia habari ya riwaya yenye wasomaji wengi, hudhani ni mchezo wa redio uliorefushwa. Za hivyo zipo: kila mhusika ana mwigizaji wake, milango inabamizwa, mvua inanyesha juu ya bati. Ninazozitetea hapa zimepangwa vingine. Msomaji hapewi mhusika, anapewa sura. Clare Corbett anasoma sura zote za Rachel, na humo ndani anasema maneno ya kila mtu: ya Rachel mwenyewe, ya rafiki aliyempa chumba, ya mume wa zamani, ya polisi, na ya Anna pia. Zamu ikihamia kwa Anna, India Fisher ndiye anayeshika kipaza sauti, na sasa maneno ya Rachel yanatoka kinywani mwake.

Raha yote imo humo. Rachel unayemsikia kutoka ndani yake ni mwanamke wa kuhurumiwa. Ana aibu, anaamka na jeraha asilojua limetoka wapi, anaokota vipande vya usiku mmoja wa Jumamosi na haviungani. Rachel huyo huyo akipita kinywani mwa Anna ni kero, ni tishio, ni mtu wa kufungiwa mlango. Kila upande unamsema mwenzake kwa sauti inayoufaa. Hakuna anayekwambia Rachel wa kweli ni yupi. Umepewa watu wawili wenye jina moja, na ni wewe wa kuamua umwamini nani, huku mwanamke mwingine amepotea na saa zinakwenda. Mchezo wa redio hauwezi kukufanyia hivyo. Ukishamkabidhi Rachel mwigizaji wake, anabaki na sauti moja toka mwanzo hadi mwisho, na aliyeichagua sauti ile ameshaamua kwa niaba yako kama Rachel ni wa kuhurumiwa au wa kuogopwa.

Mdogo wangu ni dereva wa lori, hupeleka mizigo Tunduma na mara nyingine huvuka kuingia Zambia. Kiingereza chake ni cha kidato cha nne, kikaongezewa na cha barabarani, na riwaya ya Kiingereza ya karatasi hajawahi kuimaliza. Nilimwekea Gone Girl ya Gillian Flynn kwenye simu, ile ya mwaka 2012, kwa sababu ina urefu wa saa 19 hivi na safari yake ni ndefu. Mwanamke anatoweka nyumbani kwake Missouri, Marekani, siku ya kutimiza miaka mitano ya ndoa. Sura moja anasimulia mumewe, Nick, kwa sauti ya Kirby Heyborne. Sura inayofuata ni shajara ya mke, Amy, kwa sauti ya Julia Whelan. Kabla hajafika mbali simu yangu iliita.

“Dada, huyu mume mwenyewe anasema anawadanganya polisi!”

“Uko wapi?”

“Mikumi, nimepaki nakula. Dada, huyu kamuua.”

“Anawadanganya kuhusu nini?”

Alinyamaza kidogo. “Hajasema.”

“Basi usihukumu. Endelea.”

Simu iliyofuata ilitoka kwenye foleni ya mpakani, na alikuwa amegeuza mawazo yote. Hakutaka nimjibu. “Usiniambie kitu, Dada, nilikuwa nataka tu mtu wa kumwambia.” Hilo la lugha nalo lilinifurahisha, maana maneno mengi yalimpita, lakini sauti ilimwambia pale Nick anapokwepa swali na pale Amy anapojipendekeza kwa msomaji wa shajara yake. Sentensi ngumu ikisomwa na mtu anayeielewa, nusu ya maana inafika kabla ya kamusi. Aliyemaliza kitabu hicho anajua pia kwa nini nasema Julia Whelan alibeba mzigo mkubwa kuliko mwenzake. Ilimbidi asome shajara ile kwa namna ambayo ukiirudia mara ya pili, ukiwa umeshajua, usimkamate popote. Nimeirudia na sikumkamata.

Mpangilio huu ni wa zamani kuliko mashine yoyote ya kurekodi. Wilkie Collins, Mwingereza aliyesomea uwakili Lincoln's Inn na kuruhusiwa kuingia mahakamani mwaka 1851, ingawa hakuifanya kazi hiyo, ndiye aliyeujenga ukasimama. Riwaya yake The Woman in White ilitoka kwa sehemu katika jarida la Charles Dickens, All the Year Round, kuanzia Novemba 1859 hadi Agosti 1860. Mwanzoni kabisa anamweleza msomaji kwamba kisa kitasimuliwa na zaidi ya mtu mmoja, kama vile kosa linavyosimuliwa mahakamani na zaidi ya shahidi mmoja, na kila mmoja atasema lile alilolishuhudia yeye. Kisha anawaita mmoja mmoja: mwalimu wa kuchora, wakili wa familia, mwanamke mwenye akili kali aitwaye Marian Halcombe, mtunza nyumba, hata mpishi asiyejua kuandika ambaye maelezo yake yanaandikwa na mtu mwingine. Kwenye karatasi mpishi yule ni kurasa chache unazopita haraka ili urudi kwenye mambo makubwa. Akipata msomaji wake, ghafla ni binadamu, ana woga wake na heshima yake, na unaona kwamba amesema jambo kubwa bila yeye kujua.

Kuna mahali katikati ya kitabu hicho ambapo ningependa kila mtu apasikie angalau mara moja. Marian ameloa mvua ya usiku akisikiliza maneno yasiyomhusu, na sasa anaandika shajara yake huku homa inapanda. Sentensi zinaanza kukatika. Msomaji mzuri anaiacha sauti ishuke, maneno yanaachana, unakaza sikio, unaongeza sauti ya simu. Halafu, ndani ya shajara ile ile, inazungumza sauti ya mwanamume. Imetulia, ina adabu nyingi, inamsifu Marian kwa uandishi wake mzuri. Ni mtu ambaye hakutakiwa kabisa kuifungua shajara ile, naye ameisoma yote. Sitasema ni nani. Anayesoma kwa macho huona mstari mpya na kichwa kipya, akajiandaa. Sikio halipewi onyo. Lilikuwa limemwinamia mgonjwa, na aliyejibu ni mwingine. Nimefanya kazi ya kutengeneza milango inayogongwa usiku, nyayo na vilio, na sijawahi kutengeneza kitu cha kutisha kama sauti ile ya upole.

Bram Stoker aliufuata mtindo huo katika Dracula, mwaka 1897, na akaongeza jambo linalonigusa mimi kwa kazi yangu. Thomas Edison alikuwa ameunda fonografu mwaka 1877, na daktari mmoja katika riwaya hiyo, Seward, hutunza shajara yake kwa kuizungumzia mashine hiyo badala ya kuiandika. Mina Harker anaomba kuisikiliza ili ainakili kwa taipu. Akimaliza amebadilika. Anamwambia daktari kwamba mashine ile ina ukweli wa kikatili, kwamba amesikia uchungu wa moyo wake wote, na kwamba ameyapiga chapa maneno yale ili asitokee mwingine wa kuusikia moyo huo kama yeye. Yaani zaidi ya miaka 100 kabla ya simu zetu, mhusika wa riwaya alikwisha kujua kwamba karatasi inamsitiri msemaji na sauti inamwanika. Katika toleo la Audible la mwaka 2012, Alan Cumming ndiye anayemsoma Seward, na Simon Vance anamsoma Jonathan Harker, kijana anayekwenda kwenye ngome ya Dracula. Dracula mwenyewe hana shajara katika kitabu. Wote wanapewa nafasi ya kuandika isipokuwa yeye anayeshtakiwa, kwa hiyo kila neno lake tunalipata kwa kinywa cha mtu anayemwogopa.

Vitabu vya sauti vyenyewe vilizaliwa kwa ajili ya wasioona, na taharuki ilikuwepo tangu siku za kwanza. Mwaka 1935 taasisi ya vipofu ya Uingereza, ambayo leo inajulikana kama RNIB, ilianza kutoa vitabu kwenye santuri, na miongoni mwa vile vya mwanzo kabisa ulikuwemo upelelezi wa Agatha Christie, The Murder of Roger Ackroyd. Baadhi ya waliovisubiri walikuwa wanajeshi waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Waliofanya uchaguzi ule nawaheshimu sana. Wangeweza kuanza na mawaidha tu. Waliwapa watu wale kisa cha mauaji kinachotegemea kuanzia mwanzo hadi mwisho namna msimulizi anavyosimulia.

Sasa niingie studio, maana watu huniuliza kama wasomaji hao wanakaa pamoja mezani. Mara nyingi hawaonani kabisa. Kila mmoja anarekodi sura zake peke yake, pengine katika mji mwingine, na mwezi mwingine. Mwongozaji hubaki na orodha ya matamshi ili jina la kijiji lisitamkwe namna mbili. Msomaji anakuwa ameshasoma kitabu kizima, kwa sababu asiyejua mwisho anaweza kumpa mhusika kicheko ambacho hakistahili. Anavaa nguo isiyo na mchakacho, anakula kidogo kabla ya kuingia, kwa kuwa tumbo tupu linanguruma na kipaza sauti cha studio hakisamehe. Kwa kasi ya kawaida, maneno 150 hadi 160 kwa dakika, riwaya ya maneno 100,000 inakaribia saa 11 za kusikiliza, na muda wa kuitengeneza ni mrefu zaidi ya huo mara kadhaa.

Kisha inakuja zamu ya watu kama mimi. Kwenye taarifa ya habari nakata pumzi zote kwa sababu msikilizaji anataka habari. Kwenye riwaya ya taharuki pumzi ni ushahidi, naye mhariri asiyejua hilo ameua kitabu. Tunarekodi pia ukimya wa chumba chenyewe, hewa tu ya studio ikiwa hakuna anayesema, ili pale unapoongezwa mtuo usisikike kama shimo. Wasomaji watatu waliorekodi vyumba vitatu lazima wasikike wako umbali mmoja na sikio lako. Ikikosewa, unamsikia mume yuko sebuleni na mke yuko bafuni, na akili inaanza kufikiria bafu badala ya kisa.

Mgawanyo wa sauti nao una mitego yake. Mgumu kuliko yote ni ule wa msimulizi asiye na jina. Riwaya nyingi za siku hizi zinaweka sura fupi fupi za muuaji anayejisema bila kujitaja, na kwenye karatasi hujui kama ni mwanamume au mwanamke, mzee au kijana. Kwenye sauti lazima mtu azisome. Akiwa mwanamke, umeshawaondoa wanaume wote kwenye orodha yako ya washukiwa. Akiwa mmoja wa wasomaji wa sura nyingine, sikio litamtambua mara moja hata akinong'ona. Watengenezaji wanaojali humtafuta msomaji ambaye hatumsikii mahali pengine popote katika kitabu. Wasiojali hukuharibia kitabu katika dakika ya kumi, na kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko kutamka majina vibaya.

Tena wingi wa sauti si sifa peke yake. The Guest List ya Lucy Foley, ya mwaka 2020, ina wasomaji sita. Ni harusi kwenye kisiwa kidogo pwani ya Ireland, dhoruba inakuja, mtu amekufa na kwa muda mrefu huambiwi aliyekufa ni nani. Bibi harusi ana sura zake, mdogo wake ana zake, msimamizi wa bwana harusi, mwandaaji wa sherehe, na mke wa rafiki ambaye hamjui karibu mtu yeyote pale. Sita inabebeka kwa sababu kila mmoja ana chuki yake na sababu yake. Hata hivyo, lafudhi za Kiingereza na Kiayalandi zikipokezana upesi hivyo zitamsumbua msikilizaji wa huku mwanzoni. Mimi niliandika majina kwenye karatasi na mbele ya kila jina nikaweka neno moja, nani wake nani, nikaenda nayo mpaka yakakaa kichwani.

Kuna kitabu kimoja kilichonifanya nilegeze msimamo wangu kuhusu waigizaji wengi. Ni Sadie cha Courtney Summers, cha mwaka 2018, chenye wasomaji zaidi ya 30, kilichopata tuzo ya Odyssey mwaka 2019. Msichana wa miaka 19 anamsaka mtu anayeamini amemuua mdogo wake. Hiyo ni nusu moja, na anaisimulia Sadie mwenyewe. Nusu ya pili ni podikasti ya mwandishi wa habari anayemtafuta Sadie, akiwahoji watu waliomwona njiani, daima amechelewa hatua kadhaa. Podikasti ile inastahili kila mhojiwa apewe sauti yake, kwa sababu ndani ya kisa chenyewe watu wale wamerekodiwa. Halafu Sadie ana kigugumizi. Kwenye ukurasa kigugumizi ni herufi zilizorudiwa, na jicho linaziruka. Kwenye sauti huwezi kuziruka. Unasubiri pamoja naye neno litoke, wakati mtu aliye mbele yake anaweza kumdhuru, na wale wanaomjibu kwa haraka ili kumaliza sentensi yake unawachukia kwa haki.

Kwa anayetaka kuanza, nina machache ya kumwambia. Sikiliza tarehe. Katika The Girl on the Train, Rachel anaanza Julai 2013 na Megan anaanza Mei 2012, na hayo yanatajwa mara moja tu mwanzoni mwa sura. Sauti itakwambia nani anasema, haitakwambia ni mwaka gani. Usiongeze kasi. Programu nyingi zinakuruhusu kusikiliza haraka mara moja na nusu, na kwa kitabu cha biashara hiyo ni sawa, lakini hapa mituo nayo inafupishwa, na mtuo mmoja mbele ya jibu la polisi unaweza kuwa na uzito kuliko jibu lenyewe. Usitazame muda uliobaki. Anayeshika kitabu cha karatasi anahisi kurasa zinavyopungua mkononi na kujua kwamba mtu aliyekamatwa mapema mno siye. Sikio halijui mwisho uko wapi, na ni vizuri libaki hivyo.

Kuhusu bando, pakua kabla ya kutoka nyumbani au mahali penye intaneti ya bure. Kwa ubora wa kawaida, saa moja ya usomaji inachukua kama megabaiti 30, kwa hiyo kitabu cha saa 11 kinachukua kama 330, kisha unasikiliza bila kuunganishwa kutoka Kimara hadi Posta, foleni iwe ndefu inavyotaka. Asiyeweza kulipia ana LibriVox, mradi wa watu wanaojitolea kusoma vitabu ambavyo haki zake zimeisha muda, unaoendelea tangu mwaka 2005. Collins na Stoker wote wamo, bure. Huko chagua kwa uangalifu: katika matoleo mengi sura zimegawiwa yeyote aliyekuwa na nafasi, basi shajara ile ile inaanza kwa sauti ya Mmarekani na kumalizwa na Mwaustralia. Kubadilika kwa sauti kunaacha kuwa na maana, na kwa riwaya ya mashahidi hiyo ni hasara. Tafuta lile ambalo kila mhusika amepewa msomaji wake, au lile lililosomwa na mtu mmoja.

Kiswahili kiko wapi katika haya? Riwaya zetu za taharuki hazijawahi kukosa wasomaji. Muhammed Said Abdulla alituletea Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba ana Willy Gamba, Ben Mtobwa ana Joram Kiango, na majina hayo bado yanatajwa kwenye vijiwe vya kahawa na watu ambao hawajashika kitabu kwa muda mrefu. Riwaya ya Kiswahili ya taharuki iliyoandikwa kwa ajili ya mashahidi kadhaa na kusomwa na kila shahidi kwa sauti yake mwenyewe bado sijaipata masikioni mwangu, na ninaitaka sana. Lugha yenye lahaja kama zetu imeumbwa kwa kazi hii.

Mwandishi mmoja aniandikie kisa cha jahazi lililotoka Wete na lisifike Tanga. Mke wa nahodha aseme kwa Kipemba chake, bila kukilainisha kwa ajili ya watu wa bara. Karani wa forodha aseme kwa Kiswahili cha ofisini, kila sentensi ikitafuta pa kujificha. Mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyekuwa anaingoja shehena aseme kwa Kiswahili cha kwao, chenye Kifaransa ndani yake. Mzee wa Lamu aliyelijenga jahazi aseme taratibu. Na awepo mmoja anayejitambulisha kuwa mzaliwa wa Pemba, anayesimulia vizuri kuliko wote, ila katika neno moja au mawili, akishikwa na hasira, ulimi wake unarudi alikotoka. Kwenye karatasi mwandishi angelazimika kutuonyesha kidole. Kwenye sauti anaweza kuliacha lipite, na msikilizaji wa Wete akalidaka, na yule wa Morogoro asilidake mpaka sura ya mwisho.

Wasomaji wa kazi hiyo tunao. Ni waigizaji wa michezo ya redio na watangazaji waliostaafu, watu ambao nimehariri pumzi zao kwa miaka. Nikisoma orodha ya mashahidi niliyoitaja hapo juu, kwa wanne kati ya hao watano najua tayari nitampigia nani simu. Wa tano, huyo mwongo, ndiye bado namtafuta: lazima awe mtu ambaye nikimsikia mara ya kwanza ninamwamini.